Nyoka Dume na Nyoka Jike: Jicho Linaona Nini, na Linakoma Wapi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.



Katika darsa za tafsiri, tukifika kwenye kisa cha Nabii Musa (a.s.), hakosekani wa kuuliza: ile fimbo iligeuka nyoka dume au nyoka jike? Na huku kwetu Ggaba, mvua zikizidi na maji ya ziwa yakipanda, nyoka hutoka kwenye mafunjo wakaingia nyuani mwa watu. Akiuawa mmoja, utasikia: "Huyu ni jike, mumewe atakuja kulipiza." Swali la kwanza ni la darasani na neno la pili ni la uani, lakini yote mawili yana dai moja ndani yake: kwamba ukimtazama nyoka, au ukilitazama jina lake, utajua jinsia yake. Katika somo hili tutalipima dai hilo. Tutaanza na lugha, kisha maumbile, kisha sheria, na mwisho tuseme mwanafunzi afanye nini akikutana na nyoka mlangoni.

1. Jinsia ya neno si jinsia ya mnyama

Kiswahili hakitusumbui katika jambo hili. Nyoka ni nyoka, na tukitaka kubainisha tunaongeza neno dume au jike. Kiarabu kina njia nyingine: kila nomino ni ya kiume au ya kike, na kitenzi hufuata nomino yake. Hapo ndipo mwanafunzi huteleza.

Qur'ani imetumia maneno matatu kwa fimbo ya Musa. Katika Sura Taha, aya ya 20, imeitwa hayya. Katika Al-A'raf, aya ya 107, na Ash-Shu'araa, aya ya 32, mbele ya Firauni, imeitwa thu'ban. Katika An-Naml, aya ya 10, na Al-Qasas, aya ya 31, ilipokuwa ikienda mbio imefananishwa na jaann. Wafasiri wamezieleza tofauti hizi: thu'ban ni nyoka mkubwa, jaann ni nyoka mwepesi mwenye kasi, na hayya ni jina la jumla. Ukubwa ulikuwa wa thu'ban na wepesi ulikuwa wa jaann. Hakuna mgongano.

Sasa tuje kwenye jinsia. Hayya ina taa marbuta mwishoni na kitenzi chake ni cha kike. Thu'ban ni neno la kiume, na miongoni mwa kauli zilizopokewa katika tafsiri ya At-Tabari, aliyefariki mwaka 310 Hijria, ni kwamba thu'ban ni nyoka dume. Je, ilikuwa jike bondeni ikawa dume kwa Firauni? Hapana. Ad-Damiri, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 808 Hijria, ameeleza katika kitabu chake kikubwa cha wanyama, Hayat al-Hayawan, kwamba hayya ni jina la dume na jike pia. Taa iliyo mwishoni inaonyesha mmoja katika jamii ya wanyama, kama ilivyo katika dajaja kwa kuku na hamama kwa njiwa. Waarabu walipotaka kutenganisha walikuwa na maneno ya kufanya hivyo: af'a kwa jike na uf'uwan kwa dume lake.

Kuna kisa maarufu kinachofanana na hiki. Az-Zamakhshari katika Al-Kashshaf anasimulia kwamba Qatada aliingia Kufa akawaambia watu wamuulize wapendalo. Abu Hanifa, akiwa bado kijana, akataka aulizwe juu ya chungu wa Nabii Sulayman (a.s.): alikuwa dume au jike? Qatada akanyamaza. Abu Hanifa akajibu kwamba alikuwa jike, kwa hoja kwamba kitenzi kilichotumika katika Sura An-Naml, aya ya 18, ni cha kike. Wengi wetu tunakisimulia kisa hiki na kuishia hapo. Lakini Abu Hayyan wa Andalusia, aliyefariki mwaka 745 Hijria, aliipinga hoja hiyo katika tafsiri yake Al-Bahr al-Muhit. Alisema namla ni kama hamama, neno linalobeba dume na jike, na kitenzi kimefuata neno. Huwezi kuchukua jinsia ya mnyama kutoka kwenye alama ya kisarufi.

Tukishike kipimo hiki: alama ipo, lakini lazima ujue inaonyesha nini. Taa marbuta ni alama ya kweli. Inaonyesha jinsia ya neno, na haituambii lolote kuhusu jinsia ya mnyama. Kipimo hicho hicho tutakitumia kwa mwili wa nyoka.

2. Kwa nini jicho hushindwa

Jogoo ana upanga wa kichwani, simba dume ana manyoya ya shingoni, na beberu ana ndevu. Kwa nyoka wengi hakuna kitu cha namna hiyo. Viungo vya uzazi vya dume vimefichwa ndani ya mkia. Anavyo viwili, vimelala kwenye mifuko miwili nyuma ya tundu la haja, na hutoa kimoja tu wakati wa kupandana. Ukimtazama kwa nje, dume na jike wote wana mwanya mmoja wa mlalo chini ya tumbo, pale mwili unapoisha na mkia kuanza.

Kwa hiyo alama za nje ambazo watu huzitaja ni athari za hiki kilichofichwa, au ni tabia ya aina fulani ya nyoka tu. Tuzipitie moja moja.

Mkia. Hii ndiyo alama inayofaa kwa aina nyingi zaidi. Kwa kuwa dume amebeba viungo ndani ya mkia, mkia wake huwa mrefu zaidi ukilinganishwa na mwili, mnene pale unapoanzia, na hupungua unene polepole. Mkia wa jike huwa mfupi na hupungua ghafla mara baada ya tundu la haja. Kwa kifutu tofauti hii huonekana vizuri. Lakini ona sharti lake: ni alama ya kulinganisha. Lazima uwe na nyoka wawili wa aina moja na umri unaokaribiana, au uwe umewaona wengi kabla. Mtu aliyemwona nyoka mmoja kwa sekunde tatu akipita chini ya lango hana cha kulinganisha. Na nyoka aliyewahi kukatika ncha ya mkia huvuruga hesabu yote.

Magamba. Chini ya mkia kuna safu ya magamba mapana. Katika aina nyingi dume huwa na magamba mengi zaidi hapo kuliko jike, na wataalamu huyahesabu. Alama hii ina faida moja kwa mwanafunzi: inaweza kusomwa kwenye ngozi ambayo nyoka ameshajivua. Ukiokota ngozi nzima, yenye mkia kamili, unaweza kuhesabu magamba bila kumkaribia nyoka mwenyewe. Hata hivyo hesabu za dume na jike huingiliana katika baadhi ya aina, na lazima kwanza uijue aina.

Vikucha vya chatu. Chatu, ambaye Waganda humwita ttimba, ana vikucha viwili vidogo, kimoja kila upande wa tundu la haja. Ni mabaki ya miguu ya nyuma. Watu husema mwenye vikucha ni dume. Si sahihi, kwani dume na jike wote wanavyo. Tofauti ni kwamba vya dume kwa kawaida ni virefu zaidi, naye huvitumia kumpapasa jike wakati wa kupandana.

Ukubwa. Kwetu binadamu tumezoea kudhani mkubwa ndiye dume. Kwa nyoka wengi ni kinyume. Chatu jike humzidi dume. Nyoka wa nyumba wa rangi ya hudhurungi, yule asiye na sumu anayekula panya, jike wake humzidi dume kwa wazi kabisa. Sababu ni mzigo wa uzazi: mwili mkubwa hubeba mayai au watoto wengi zaidi. Kifutu hatagi mayai, huzaa watoto walio hai, na kifutu jike mmoja aliyetoka Kenya alizaa watoto 156 katika bustani ya wanyama huko Cheki. Lakini katika aina ambazo madume hupigana mieleka, kama koboko, dume huwa sawa na jike au humzidi. Kwa hiyo ukubwa bila kuijua aina hautoi jibu.

Mieleka yenyewe imewadanganya wengi. Ukiona nyoka wawili wameinua vifua na kujisokota pamoja kama kamba, utasema ni mume na mke. Mara nyingi ni madume wawili wanaoshindana, kila mmoja akijaribu kukilaza kichwa cha mwenzake chini. Kupandana kwenyewe huwa kwa utulivu zaidi, wakiwa wamelala ardhini na mikia imeungana.

Rangi. Hapa pana mfano mmoja mkubwa katika Afrika yetu, na ni mfano wenye hatari. Kuna nyoka wa mitini aitwaye bumsilangi, kwa jina la kisayansi Dispholidus typus. Jina lake la kawaida limetoka Kiafrikana, nalo lina maana ya nyoka wa mti. Anapatikana sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, na Uganda yumo. Aghalabu dume mzima ni wa kijani, na jike mzima ni wa hudhurungi au kijivu. Watu wawili wanaweza kuwaona dume na jike wa aina hii kwenye mti mmoja na kuapa kwamba ni aina mbili tofauti.

Lakini hata hapa rangi ina mipaka mitatu. Kwanza, nasema aghalabu, kwa sababu rangi za bumsilangi hubadilika kutoka eneo hadi eneo. Pili, watoto wa jinsia zote mbili hufanana: wana rangi ya kijivu au hudhurungi ya kijiti kikavu, na macho makubwa ya kijani. Tatu, na hili ndilo kubwa, rangi ya kijani peke yake haimtambulishi bumsilangi. Yupo ukukwi, nyoka mwembamba wa kijani asiye na madhara kwa binadamu. Yupo koboko wa kijani wa misitu ya Uganda. Wapo pia vipiribao wadogo wa vichakani wenye rangi hiyo. Anayesema "huyu wa kijani ni dume" kabla hajajua ni nyoka gani amejibu swali la pili kabla ya la kwanza.

Gharama ya kukosea aina tunaijua. Mwaka 1957 mjini Chicago, Karl Schmidt, mmoja wa wataalamu wakubwa wa nyoka wa zama zake, aliletewa nyoka mdogo ili amtambue. Alishuku ni bumsilangi, lakini alisita, kwa kuwa gamba moja karibu na tundu la haja halikuwa limegawanyika kama alivyotarajia. Nyoka akamuuma kidoleni. Kwa udogo wa nyoka na wa jeraha hakuona hatari kubwa, akaenda nyumbani na kuandika dalili zake saa baada ya saa. Siku ya pili alifariki. Sumu ya bumsilangi huzuia damu kuganda, na dalili zake kali huchelewa kwa saa nyingi. Ikiwa bingwa kama huyo alitatizwa na gamba moja, sisi tunaoangalia kwa tochi ya simu tusiharakishe kutoa fatwa.

3. Wataalamu hufanyaje?

Wafugaji na madaktari wa wanyama hawategemei macho. Huingiza kijiti chembamba cha chuma chenye ncha butu kwenye tundu la haja kuelekea mkiani. Kwa dume huzama mbali kwa sababu kuna mfuko. Kwa jike hukwama karibu. Kazi hii inataka mikono iliyofunzwa, kwani ukikosea unamjeruhi nyoka na pengine kumharibia uzazi, na ukizembea unaumwa. Maabara pia hupima damu. Kwa nyoka wengi jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti, kinyume cha binadamu ambapo baba ndiye mwenye tofauti hiyo. Hilo lilifundishwa kwa miaka mingi kuwa la nyoka wote, mpaka mwaka 2017 watafiti walipoonyesha kwamba aina fulani ya boa na aina fulani ya chatu zina mfumo unaofanana na wetu. Hata wenye vifaa hurekebisha kauli zao ushahidi unapokuja.

Na nyoka wenyewe hutambuana vipi? Kwa harufu. Ulimi uliogawanyika hukusanya harufu na kuipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kinywa. Dume hufuata njia aliyopita jike kwa harufu aliyoiacha. Katika jimbo la Manitoba, Kanada, nyoka hukusanyika kwa maelfu kila majira ya kuchipua, na utafiti uliochapishwa mwaka 1985 ulieleza kuwa wapo madume wanaotoa harufu ya jike, na madume wenzao huwazonga wakidhani ni majike. Mambo haya hata nyoka kwa nyoka huyakosea.

4. Sheria inaangalia nini?

Tuje kwenye hadithi. Katika Bukhari na Muslim, Ibn Umar (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha kuuawa nyoka, na akawataja hasa wawili: mwenye mistari miwili mgongoni na abtar, yaani mwenye mkia mfupi, akaeleza kwamba hudhuru macho na mimba. Kisha Abu Lubaba (r.a.) akamfahamisha Ibn Umar kwamba baadaye Mtume (s.a.w.) alikataza kuuawa nyoka wa majumbani, na Ibn Umar akajizuia nao. Katika Sahih Muslim kuna hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.) kuhusu kijana aliyekuwa ameoa karibuni, siku za vita vya Handaki. Alimkuta nyoka mkubwa amejikunja kitandani, akamchoma mkuki, na wote wawili wakafa. Haikujulikana nani alitangulia. Mtume (s.a.w.) akafundisha kwamba nyoka wa nyumbani aonywe siku tatu, na akionekana baada ya hapo auawe. Wanazuoni wamekhitalifiana kama hukumu hiyo ni ya nyumba za Madina peke yake au ya nyumba zote.

Ndugu msomaji, angalia vigezo vilivyotumika: mistari mgongoni, mkia mfupi, mahali anapoishi, muda wa onyo, na madhara. Jinsia haimo. Aliyesoma sehemu ya pili ya somo hili anaweza kushawishika kusema: jike ana mkia mfupi, basi abtar ni jike. Asifanye hivyo. Washereheshaji wameeleza abtar kuwa ni aina ya nyoka, na An-Nadhr bin Shumayl ameitaja hata rangi yake. Ufupi wa mkia wa jike ni wa kulinganisha na dume wa aina yake, na hilo ni jambo jingine.

Kwa hiyo hukumu imejengwa juu ya kinachoweza kuonekana na kwa ajili ya kuzuia dhara. Sheria haikumtwika Muislamu wa kawaida kazi ya kujua kilichofichwa ndani ya mkia.

5. "Mumewe atakuja"

Imani kwamba nyoka akiuawa mwenzake huja kulipiza ni ya zamani. Waarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa nayo, na katika Sunan Abi Dawud zimepokewa hadithi zinazomkemea vikali mwenye kuacha kumuua nyoka kwa kuogopa kisasi chake. Hofu hiyo imekatwa katika itikadi yetu. Nyoka halindi ndoa wala haweki kinyongo.

Hata hivyo watu hawakuzua kila kitu. Yawezekana kweli mtu akaua nyoka leo na kesho akaona mwingine pale pale. Sababu zinazojulikana ni mbili. Ya kwanza ni harufu: jike akiuawa katika msimu wa kupandana, harufu yake hubaki ardhini na dume huifuata akitafuta jike. Ya pili ni makazi: mahali palipomvuta wa kwanza, kwa panya, takataka au rundo la matofali, patamvuta wa pili. Tafsiri ya kisasi huwafanya watu wachome vichaka, wawasake nyoka kwenye mashimo kwa mikono, na washinde macho usiku kucha. Tafsiri ya harufu na makazi inakuambia ufukie mzoga, uoshe mahali hapo kwa maji mengi na uondoe takataka. Tukio ni moja, ila dhana inakusogeza karibu na meno ya nyoka na elimu inakuweka mbali nayo.

Na kuna jike mmoja ambaye kweli hukaa palepale bila kuondoka: chatu anayeatamia. Hujizungusha juu ya mayai yake kwa wiki nyingi. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 kuhusu chatu wa kusini mwa Afrika ulionyesha kwamba mama hugeuka rangi kuwa mweusi zaidi wakati huo, huota jua ili awapelekee mayai joto, na hubaki na watoto kwa takriban wiki mbili baada ya kuanguliwa. Hapa jike anatambulikana kwa kazi anayoifanya. Ukimwona chatu amejizungusha juu ya mayai, mwache na waite wenye kazi yao.

6. Akiingia hosteli

Sisi tunaopanga kando ya barabara ya Ggaba, kuanzia Kansanga hadi ufukweni, tuna ziwa, mafunjo na bustani karibu. Tufanye haya:

Usimkamate nyoka, hata ukidhani ni mdogo au amekufa. Kichwa cha nyoka aliyeuawa punde bado kinaweza kuuma. Wala usimgeuze tumbo ili utazame mkia. Hakuna faida ya kujua jinsia inayolingana na hatari hiyo.

Simama mbali, waondoe watu, mfungulie njia ya kutoka, na mwite mlinzi. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, ndiyo yenye dhamana ya wanyama wa porini. Ukitaka kuwaona nyoka kwa utulivu na kujifunza alama zao, nenda Entebbe kwenye kituo cha elimu ya wanyamapori au kijiji cha reptilia, ambako wapo nyuma ya kioo na pana watu wa kuuliza.

Mtu akiumwa, mtulizeni, mvueni pete na saa, msimwache atembee, kilazeni kiungo kilichoumwa bila kukitikisa, na mpelekeni hospitali mara moja. Msifunge kamba, msichanje, msinyonye sumu, na msipoteze muda kwa jiwe jeusi. Halitoi sumu mwilini. Daktari atauliza sura ya nyoka, rangi yake, saa ya tukio na dalili. Picha iliyopigwa kutoka mbali inatosha. Kwa matibabu kinachohitajika ni aina ya nyoka, si jinsia. Bumsilangi, kwa mfano, ana dawa yake maalumu inayotengenezwa Afrika Kusini, na dawa ya nyoka wengi kwa pamoja haimfai, lakini dawa hiyo ni moja kwa aliyeumwa na dume na aliyeumwa na jike.

Tusilichukulie hili kuwa dogo. Shirika la Afya Duniani limeiweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya maradhi yaliyopuuzwa tangu mwaka 2017, na linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka. Lengo lililowekwa ni kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria yetu, na mwanafunzi anayejua la kufanya ni rehema kwa chumba kizima.

7. Funzo

Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura Al-Israa, aya ya 36, kufuata tusiyokuwa na elimu nayo, na akatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Macho yametajwa humo. Jicho lina haki yake: limeona mkia mrefu, limeona kijani, limeona wawili wamejisokota. Hayo ni ushahidi. Lakini kutoka "nimeona mkia mrefu" hadi "ni dume" kuna hatua katikati, na hatua hiyo inahitaji kuijua aina, kulinganisha, na wakati mwingine mkono wa mtaalamu. Asiyekuwa navyo aseme alichokiona na aishie hapo. Kusema "nimeona nyoka wa kijani, mwembamba, juu ya mwembe" ni ushahidi unaomsaidia daktari. Kusema "ni dume, hana shida" ni dhana inayoweza kumuua mtu.

Kwa aliyeuliza juu ya fimbo ya Musa, jibu ni hili: neno hayya halithibitishi jike, iko kauli ya wafasiri kwamba thu'ban ni dume, na muujiza haupungui wala hauongezeki kwa jinsia yake. Wachawi wa Firauni walisujudu kwa sababu waliijua fani yao vizuri, wakatambua kwamba walichokiona hakikuwa uchawi.

Maswali ya halaqa

1. Taa marbuta katika neno hayya inaonyesha nini, na haionyeshi nini? Linganisha na hoja ya Abu Hayyan kuhusu namla.
2. Taja alama mbili za nje za jinsia ya nyoka na sharti la kila moja.
3. Kwa nini si sahihi kusema kwamba abtar aliyetajwa katika hadithi ni nyoka jike?
4. Jirani ameua nyoka na anaogopa kisasi. Utamweleza nini katika itikadi, na utamshauri afanye nini uani kwake?

Mwenyezi Mungu atunufaishe kwa tunachojifunza na atukinge na shari ya alivyoviumba. Wallahu a'lam.